Monsinyori na kompyuta yake: kwa nini watu hawahami



Tulipoanza mwaka wa kwanza wa falsafa tulikuwa na mwenzetu tuliyempa jina la Monsinyori. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa kompyuta. Sisi wengine tulikuja na laptopu za mtumba, nyeusi, nzito, nyingine bado zina stika za duka, na zote zinatumia Windows. Yeye alikuja na MacBook ya rangi ya fedha, yenye tufaha lililong'atwa mgongoni. Ilikuwa kuukuu kuliko za wengi wetu na pembeni imebonyea, lakini hayo hatukuyatazama. Tulitazama tufaha. Hapa kwetu tufaha hilo lina maana moja tu: mtoto wa kishua.

Jina hilo nililianzisha mimi. Na katika kikao chetu cha kuonyana kidugu, mwishoni mwa muhula, mimi ndiye niliyesimama kusema kwamba mwenzetu ajitafakari juu ya roho ya ufukara, maana kuna vifaa visivyoendana na maisha tunayojiandaa kuyaishi. Nilikaa chini nikijiona nimetoa neno la kinabii. Yeye akajibu kwa upole kwamba amesikia. Kompyuta hakubadilisha.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotaka kukiri. Kwa nini asihame? Sisi wote tunatumia kitu kimoja. Mafaili yetu yanafunguka kwa kila mmoja, fundi wa mjini anazijua mashine zetu ndani nje, na siku ya kuwasilisha kazi darasani yeye peke yake ndiye anayehangaika kutafuta adapta ya projekta. Nilidhani jibu ni kiburi. Leo nina jibu jingine, na limenigharimu kidogo kulipata.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, ikiendeshwa na mfumo wa Microsoft ulioitwa DOS: kioo cheusi, na mtumiaji anaandika amri kwa maneno. Januari 1984 Apple ikaleta Macintosh kwa dola 2,495, ikiwa na kipanya, madirisha na vijipicha vya kubofya. Mawazo hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa yamefanyiwa kazi kwanza katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California. Microsoft nayo ikatoa Windows ya kwanza mwaka 1985. Apple ikaenda mahakamani mwaka 1988 ikidai imeibiwa sura ya mfumo wake, ikashindwa. Ofisi nyingi za dunia zikaenda na Windows, kwa kuwa kompyuta za namna hiyo zilitengenezwa na kampuni nyingi na bei ilishuka. Wa Macintosh wakabaki kundi dogo, lenye msimamo.

Sisi tunaojiandaa kuhubiri tutashangaa kusikia kwamba Apple, tangu siku za mwanzo za Macintosh, ilikuwa na watumishi waliopewa rasmi cheo cha mwinjilisti. Anayejulikana zaidi ni Guy Kawasaki, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1983. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa watengenezaji wa programu na kuwashawishi waandike kwa ajili ya mashine ambayo bado haikuwa na wateja. Aliuza kitu kisichoonekana bado. Neno mwinjilisti walilichukua kwetu bila kuomba ruhusa, na sidhani walikosea kulichagua.

Mwaka 1994 mwandishi wa Italia Umberto Eco alilichukua jambo hilo na kulifanyia utani katika safu yake ya jarida la L'Espresso. Alisema Macintosh ni Mkatoliki na DOS ni Mprotestanti. Macintosh inamshika mwamini mkono hatua kwa hatua, kwa picha na taratibu zilizo wazi, mpaka waraka wake uchapwe. DOS inamwachia kila mtu atafsiri mwenyewe na kubeba uamuzi wake, na haimwahidi yeyote kwamba atafika. Windows nayo akaifananisha na Kanisa la Kianglikana: ibada kubwa zenye fahari, lakini nyuma ya pazia unaweza kurudi kwenye DOS wakati wowote. Eco alijua anachokitania, kwani ujanani alikuwa katika chama cha vijana Wakatoliki na tasnifu yake ya chuo kikuu pale Torino ilihusu uzuri katika mawazo ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. (Ndugu zetu wa madhehebu mengine wasinikasirikie, mzaha ni wa Eco.)

Nilipokutana na habari ya makala hiyo nilifurahi mno, maana ilinipa silaha. Kumbe jambo lenyewe ni dini! Monsinyori ana dini ya pili, ndiyo maana hahami. Nilikuwa tayari kuandika makala nzima kwa mwelekeo huo.

Kisha laptopu yangu ikafa. Niseme kweli, niliiua mwenyewe: nilijikwaa kwenye waya wa chaji gizani, baada ya kengele ya ukimya mkuu, wakati sikupaswa kuwa natembea. Tundu la chaji likang'oka. Fundi akasema nirudi baada ya siku nne. Kazi yangu ya muhula juu ya kitabu cha pili cha Maadili ya Aristoteli ilitakiwa baada ya siku tatu, na nilikuwa nayo kwenye flashi, nusu.

Nilikwenda kwa wawili watatu, kila mmoja ana kazi yake ya kumalizia. Aliyekuja mlangoni kwangu bila kuombwa alikuwa Monsinyori. Akaniwekea MacBook mezani. "Frateri, mimi nimemaliza," akasema. "Itumie."

Usiku wa kwanza niliona aibu ambayo sikuwa nimeijua tangu nilipojifunza kusoma. Mimi huchapa haraka. Ndiyo sifa yangu pekee katika mambo ya kompyuta. Nikataka kunakili aya, nikabonyeza Ctrl na C. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikaenda kufunga dirisha kulia juu, hakuna kitu, kitufe kiko kushoto. Nikafunga dirisha, kumbe programu yenyewe bado iko wazi chini. Kibodi ilikuwa ya Kiitaliano, yenye è na ò mahali nilipotarajia alama nyingine. Kila dakika mkono ulikwenda mahali ambapo kitu hakipo, kama mtu aliyehamishiwa bweni jingine anayepapasa ukuta kutafuta swichi ya taa upande wa chumba chake cha zamani.

Ajabu ni kwamba tofauti yenyewe ni ndogo ya kuchekesha. Herufi X, C na V za kukata, kunakili na kubandika ni zilezile pande zote mbili. Zilianza upande wa Apple na Windows ikazichukua baadaye. Kinachobadilika ni kitufe cha kushikilia. Kwenye Windows ni Ctrl, kule pembeni, unakishika kwa kidole cha mwisho. Kwenye Mac ni Command, jirani na kitufe cha nafasi, unakishika kwa kidole gumba. Kidole kimoja tu. Lakini kidole hicho kilinifanya nijisikie mgeni kwenye insha yangu mwenyewe.

Na insha ilikuwa inahusu nini? Mazoea! Aristoteli anasema wema haumo ndani yetu kwa maumbile, tunaupata kwa kutenda, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mtakatifu Thoma analifuata wazo hilo katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, kuanzia swali la 49, anapoeleza anachokiita habitus: tabia iliyokaa ndani ya mtu, ngumu kuondoka, inayomfanya atende kwa wepesi na kwa kupenda. Mwalimu wetu atanisahihisha hapa, najua, kwamba kwa Thoma habitus imo hasa katika nafsi, na katika mwili kwa namna ya pili tu, hivyo vidole vyangu visijipandishe cheo. Sawa. Lakini usiku ule nilielewa maneno "ngumu kuondoka" kuliko nilivyoyaelewa darasani.

Mazoea yangu najua yalikotoka. Nilijifunza kompyuta kwenye steshenari ya mama mdogo, karibu na stendi ya mabasi mjini Iringa, wakati wa likizo. Palikuwa na mashine mbili za Windows XP, zenye ile picha ya kilima cha kijani na anga la bluu. Nilichapa barua za maombi ya kazi, kadi za michango ya harusi, ratiba za misiba. Microsoft ilikuwa imeacha kuihudumia XP tangu Aprili 2014, lakini mama mdogo aliendelea nayo, na nilipomwambia kuna mpya aliniuliza swali moja: "Hiyo mpya itanichapia kadi haraka kuliko ninavyochapa sasa?" Sikuwa na jibu. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Kwake kuhama kungekuwa na gharama ya siku kadhaa za kupapasa mbele ya watu wanaosubiri, na siku hizo hakuna wa kumlipa.

Basi mama mdogo alikuwa mwaminifu kwa Microsoft? Hata kidogo. Hakujua Microsoft ni nani. Alikuwa mwaminifu kwa mikono yake. Na Microsoft wenyewe walifundishwa jambo hilo kwa ukali mwaka 2012, walipotoa Windows 8 bila kile kitufe cha Start kilichokuwa pembeni chini tangu Windows 95. Watu waliokaa na Windows miaka mingi walilalamika kila mahali, mpaka mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa katika Windows 8.1. Kampuni ilikuwa ileile, jina lilelile, na bado wateja wake walijiona wamehamishwa nyumba wakiwa usingizini.

Usiku wa tatu kidole gumba kilianza kujua kazi yake, na nikamaliza. Nilipokuwa nahifadhi faili langu nikakuta folda iliyoandikwa "Baba mdogo". Sikuifungua, ila asubuhi nilimuuliza mwenye kompyuta, kwa mzaha wa kawaida, kama baba mdogo huyo ndiye tajiri aliyemnunulia.

"Si kompyuta yangu hiyo, Frateri," akasema. "Ni ya marehemu."

Baba yake mdogo alikuwa padre. Alikwenda kusoma Roma, akainunua huko ikiwa imeshatumika, akaandikia masomo yake yote juu yake, akarudi nayo jimboni. Miaka aliyobaki nayo aliandika ndani yake mahubiri ya kila Dominika, mafundisho ya wakatekumeni, barua kwa mama yake mzazi. Alipofariki, familia iligawana vitu vichache alivyoacha, na kijana aliyekuwa anajiandaa kuingia seminari akapewa kompyuta. Mahubiri yale yote yameandikwa kwa programu ya Pages, ambayo kwenye laptopu zetu haimo. Ukiwapelekea wenzako kwenye flashi hawawezi kuyafungua hivihivi.

"Hii ikifa," akaniambia, "sinunui nyingine ya namna hii. Nitapata wapi hela? Nitatafuta ya mtumba kama yenu."

Nilikuwa nimemwonya mtu juu ya ufukara mbele ya ndugu zake wote, kwa sababu ya urithi wa marehemu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama neno lenyewe, uaminifu. Kwa Kiswahili limekaa nyumba moja na imani, na pia na amana, ile mali uliyoiweka kwa mwingine akutunzie. Nadhani wanaojiuliza kwa nini watu hawahami kutoka kompyuta ya namna moja kwenda nyingine wanaitazama zaidi imani na kuisahau amana. Mtu ameweka vitu humo. Ameweka vidole vyake, miaka ya kazi, programu alizonunua ambazo upande wa pili atazinunua upya, mafaili yenye umbo la upande ule. Ameweka pia watu: yule fundi, yule dada wa ofisi ya parokia, yule jirani wa chumba unayemuita saa nne usiku waraka ukigoma kuchapwa. Katika kila steshenari niliyowahi kuingia wanatumia Windows, kwa hiyo ukiwa na Windows una wasaidizi mtaa mzima. Hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kubaki, wala haihitaji tufaha wala dirisha kuwa bora kuliko jingine. Monsinyori ameweka humo sauti ya marehemu. Asiyehama hapaswi kuitwa mjinga wala mwenye kiburi kabla hujamuuliza ameweka nini.

Sisemi kwamba upande wa imani haupo. Upo, na unaweza kuchacha. Mfano ninaoupenda ni wa Boston, tarehe 6 Agosti 1997. Apple ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Steve Jobs, aliyekuwa amerudi baada ya kuondoka mwaka 1985, alisimama mbele ya wapenzi wa Macintosh akatangaza kwamba Microsoft itawekeza dola milioni 150 katika Apple, na kwamba itaendelea kutengeneza programu zake za Office kwa ajili ya Macintosh. Kisha uso wa Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa juu ya jukwaa. Ukumbi ukazomea. Jobs akalazimika kuwaambia waache kufikiri kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe. Walikuwa wanamzomea mtu aliyekuja na msaada, na mwanzilishi mwenyewe alikuwa mpole kuliko wafuasi.

Siwacheki sana, hata hivyo. Watu hao walikuwa wamekaa miaka mingi wakiambiwa na wenzao kazini kwamba mashine yao ni ya kuchezea na kwamba kampuni yake inakufa. Anayechekwa kwa kitu kwa muda mrefu hukishika kwa nguvu zaidi. Nafikiri jina la Monsinyori lilifanya kazi hiyohiyo hapa kwetu: kila tulipolitamka tulimsogeza karibu zaidi na tufaha ambalo yeye mwenyewe hakulijali.

Ninachokiona kuwa kosa ni kuapa kwa kitu ambacho chenyewe hakikai mahali pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Apple ilitangaza matangazo ya kuidhihaki Intel, ikimwonyesha konokono amebeba chipu ya Pentium mgongoni. Juni 2005 Jobs huyohuyo alitangaza kwamba kompyuta za Macintosh zitatumia chipu za Intel, na kuanzia 2020 zilihamia chipu za Apple yenyewe. Mfumo endeshi nao ulibadilishwa tangu msingi mwaka 2001. Upande wa pili, Excel, ambayo wahasibu wa Windows wanaiapia, ilitoka kwanza kwa Macintosh mwaka 1985, na PowerPoint vivyo hivyo mwaka 1987. Tumesoma habari ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka wanafalsafa wa Athene wakabishana kama bado ni ileile. Aliyekuwa akigombana na wenzake kuhusu konokono wa 1998, kufika 2006 alikuwa amebeba konokono huyo kwenye mkoba wake. Alikuwa akiitetea nini? Jina, nadhani, na mahali pa kidole gumba.

Muhula uliofuata, katika kikao kilekile cha kuonyana, nilisimama tena nikafuta maneno yangu. Sikueleza habari za marehemu, kwa kuwa hazikuwa zangu kuzieleza. Hapa nimezieleza kwa ruhusa ya mwenyewe, aliyesoma makala hii kabla ya mhariri na kunikatia sentensi mbili. Jina la Monsinyori halijafa, maana majina ya seminari hayafi, lakini mimi silitumii nje ya ukurasa huu.

Kuna jambo moja tunalifanya sasa, saa za mapumziko za Jumamosi. Pages inakubali kutoa nakala ya Word, faili moja moja. Mpangilio husogea kidogo, maneno yanabaki. Yeye anafungua, mimi nahakiki herufi kwenye laptopu yangu, kisha tunahifadhi sehemu mbili. Nilimuuliza kama hana haraka ya kumaliza, kwa jinsi mashine ilivyo ya zamani. Akasema hana, kwa sababu anayasoma yote kabla ya kuyahamisha. Jumamosi iliyopita tulifika Dominika ya pili ya Majilio. Nilipokaa upande wake nimsaidie, nilibonyeza Ctrl.